Kabla ya kuongeza vyuma, soma kilomita zako

Hongera kwa kumaliza HYROX, mashindano ya kukimbia kilomita 8 ambapo kila kilomita hufuatwa na kituo cha zoezi, kwa saa 1 na dakika 38, ndugu. Unauliza kama uongeze mazoezi ya vyuma kwa sababu sledi, ule mzigo mzito wa kusukuma sakafuni, ilikutesa. Kwa maoni yangu, bado. Zipange kilomita zako 8 pamoja uzitazame: ya kwanza umekimbia kwa dakika 4:50, ya tatu, mara tu baada ya kusukuma sledi, imekuwa 6:25, na tangu hapo hukushuka tena chini ya dakika 6. Muda umevuja hapo, na mbio ni karibu nusu ya muda wako wote! Ulianza kwa kasi ambayo miguu isingeweza kuibeba.

Mara moja kwa wiki, sukuma sledi mita 50 halafu ukimbie kilomita 1 papo hapo kwa 5:30, bila kupumzika katikati. Rudia mara nne. Ya nne ikilingana na ya kwanza, ndipo uongeze kasi. Siku nyingine kimbia taratibu, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea.

Angalia pia muda wa kuingia na kutoka vituoni. Dakika 9 ulizotumia hapo ni nyingi mno, na kuzipunguza hakuhitaji nguvu mpya.