Usisaini fomu yenye nafasi wazi, mkuu

Mkuu habari za saini nzuri au mbaya ziache kwanza. Umeuliza kama jina la kwanza tu linatosha au uibadilishe iwe ya mikwaruzo, halafu mwishoni kabisa unatupia kwamba kesho unamdhamini jamaa mkopo na sehemu ya kiasi "watajaza wenyewe baadaye". USISAINI.

Mimi nilisaini ya hivyo hivyo. Ofisa mkopo aliikunja ile fomu ukabaki unaonekana mstari wa chini tu, kidole kakiweka pale pa kusaini, "weka hapa, ni utaratibu tu, anayedaiwa ni mwenzio". Utaratibu tu! Hilo neno linanichoma mpaka leo. Kiasi hakijaandikwa, muda haujaandikwa, tarehe hamna. Jamaa akalipa mwanzoni akapotea, barua ikaja kwangu, na hela iliyoandikwa humo sijawahi kuisikia hata siku moja, mwandiko si wangu ila saini ya chini ni yangu kabisa, sasa nitaikana vipi? Kumfuata ofisa ananiambia "ungesoma". Ningesoma nini, nafasi tupu? Hawa watu wanakuharakisha makusudi. Deni lote nililipa mimi na urafiki ukafia hapo.

Saini inasema mimi ndiye, na yaliyoandikwa hapa nimeyakubali. Uingereza kuna kesi ya 1934, L'Estrange na Graucob, mama alinunua mashine ya kuuzia sigara ikawa mbovu, akaenda mahakamani akashindwa, kisa alisaini karatasi yenye maandishi madogo ambayo hata hakuyasoma. Wakamwambia umesaini, imekufunga, kama hukudanganywa basi. Na huko huko tangu sheria ya 1677 mdhamini habanwi kwa maneno ya mdomo, lazima iwe maandishi na saini. Yaani huko bila saini yako hawana cha kukushika nacho, na hawa wa kwetu nao wanakukimbiza ili waipate hiyo saini.

Kwa hiyo kesho kila nafasi ijazwe ukiwa unaona, isiyohusika ipigwe mstari. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe andika kwa mkono wako, kila ukurasa weka herufi za jina lako, na kopi uondoke nayo siku hiyo hiyo. Wakigoma inuka uondoke, jamaa akinuna anune. Wakishaijaza ipige picha, ficha majina, itupie hapa tuione kabla hujagusa kalamu.