Kuwahi apdeti ya Pixel: usiguse Google Services Framework

Mkuu, kabla hujafika kwenye hicho kitufe cha kufuta data, toa kidole. Umesema una Pixel 6a ya mtumba, rafiki yako mwenye simu kama hiyo ameshapata apdeti ya mwezi, wewe kila ukibonyeza unaambiwa mfumo hauna jipya. Kuna video imekuelekeza uingie Mipangilio, Programu, uonyeshe programu za mfumo, utafute Google Services Framework (programu ya mfumo inayoiunganisha simu na seva za Google), ufute data yake, uzime simu na kuiwasha, apdeti "itaibuka yenyewe". Halafu unataka kuinasa hiyo zip, yaani faili la apdeti lenyewe, umtumie mdogo wako Morogoro asiunguze bando. Nimesoma yote. Naanza na la kufuta data, maana hilo ndilo litakalokuliza.

Usifute. Hila hiyo ina umri wa kwenda shule, na wenye mfumo wenyewe walishaikataa. Mwaka 2013 Dan Morrill, aliyekuwa mhandisi wa Android pale Google, aliandika hadharani akieleza apdeti zinavyoachiwa na kwa nini kufuta data ya hiyo programu ni kujichongea. Kwa maelezo yake ya wakati ule, zilikuwa zinaachiwa kwa mafungu, kwa kawaida asilimia 1 ya simu kwa saa 24 hadi 48, wakitazama kama kuna zinazokwama, kisha asilimia 25, kisha 50, kisha zote. Simu ilipouliza, seva ilipiga kura, kama ya bahati nasibu. Iliyokosa ilikuwa imekosa hadi fungu linalofuata, hata ubonyeze hadi kioo kiingie ndani.

Sasa ukifuta data ya Google Services Framework, kitambulisho ambacho Google wanaitambua nacho simu yako kinabadilika. Seva inakuona simu ngeni, inakupigia kura upya. Hapo ndipo uchawi wote ulipo. Wakati wa fungu la asilimia 1, kura mpya nayo ni ya asilimia 1 ile ile. Anayefuta siku ambayo fungu limefika 50 anapata, anashangilia, anawasha kamera na kurekodi video ya dakika kumi yenye muziki. Wale walioambulia patupu hawarekodi. Hivyo ndivyo walimu wetu wa YouTube wanavyozaliwa.

Kinachofuata hakimo kwenye video. Kitambulisho hicho hakitumiki kwa apdeti tu. Programu inayotaka kukuletea ujumbe ukiwa umeiacha imejisajili kwa Google kupitia hicho hicho na kupewa tokeni, yaani anwani ya kuifikia kwenye simu yako. Seva ya programu hiyo ikiwa na jambo lako, inautuma ujumbe kwa tokeni, Google wanaufikisha kwenye simu. Ukibadilisha kitambulisho, tokeni za zamani zinakufa, na programu yenyewe haina habari. Ni sawa na kutupa laini, ukanunua nyingine, ukakaa ukishangaa mbona watu hawapigi.

Ubaya ni kwamba hakuna onyo lolote. Simu inaonekana nzima. Kupiga unapiga, SMS zinaingia kwa sababu hizo hazipiti huko, intaneti inakimbia. Ila notifikesheni zinaanza kuchelewa au kupotea: barua pepe zinakuja kwa mkupuo ukifungua programu, mteja anasema amekuandikia tangu asubuhi, dereva uliyemwita kwenye programu yuko nje anakusubiri na wewe huna taarifa. Baadhi ya programu hushtuka na kujisajili upya zenyewe, nyingine hapana, kwa hiyo mbili zinafanya kazi na ya tatu imekufa, na hapo ndipo mtu anapotea kabisa. Analaumu mtandao. Anazima kiokoa betri. Anabadilisha bando. Mwisho anaipeleka simu kwa fundi, fundi naye hajui kwamba kuna data ilifutwa, anaiflashi upya, picha zinakwenda na maji, na hela ya ufundi unalipa. Na asiniulize mtu nimejuaje haya yote, mimi ni mtu wa kusoma sana.

Kama umeshafuta kabla hujaona hapa, piga *#*#426#*#* kwenye sehemu ya kupigia simu. Pixel itafungua ukurasa wa uchunguzi wa huduma ya ujumbe ya Google. Angalia kwanza kama imeunganishwa, kisha angalia orodha ya matukio huku mtu akikutumia ujumbe kwenye programu unayoishuku. Muunganisho ukiwepo lakini ujumbe hauonekani kwenye orodha, tokeni ndiyo imekufa. Toka kwenye akaunti ya programu hiyo na uingie tena. Ikigoma, iondoe na kuiweka upya. WhatsApp usiiondoe kabla hujafanya bekapu na kuhakikisha tarehe ya bekapu ni ya leo, vinginevyo utarudisha notifikesheni na kupoteza meseji za miaka.

Kanuni yangu ni moja tu, na ningekuwa na uwezo ningeibandika kwenye kila kibanda cha simu Kariakoo: usiidanganye seva, kama huwezi kungoja, isukume apdeti mwenyewe. Google wanaweka apdeti nzima za Pixel wazi kwenye ukurasa wa developers.google.com/android/ota. Huhitaji kuruti simu (kujipa mamlaka yote juu ya mfumo), huhitaji kufungua butiloda, ile programu inayoamsha mfumo simu ikiwaka (kuifungua kunafuta kila kitu kwenye simu), na data yako haiguswi. Angalia usiingie ukurasa wa jirani wa factory images. Hizo ni za kuflashi simu upya, na ile skripti inayokuja nazo inafuta data isipohaririwa.

Pixel 6a jina lake la ndani ni bluejay. Pixel 6 ni oriole, 6 Pro ni raven. Chukua ya bluejay, mstari usiotaja kampuni ya simu ya nje. Namba za toleo zinasomeka hivi: kwenye TQ3A.230805.001, zile 230805 katikati ni tarehe, yaani 5 Agosti 2023. Faili linazidi GB 2, kwa hiyo lipakue kwa bando la usiku au sehemu yenye waifai ya maana. Likimalizika, kwenye Windows andika `certutil -hashfile jina.zip SHA256` na ulinganishe na namba iliyoandikwa kwenye ukurasa. Faili lililokatika njiani halitaharibu simu, rikavari (sehemu ya simu ya kusakinishia apdeti nje ya mfumo wa kawaida) italikataa kwa kukosa saini sahihi, ila litakupotezea jioni.

Kisha weka platform-tools, zana za Google zenye amri ya adb ya kuongea na simu, kwenye kompyuta na uwashe USB debugging (gonga Build number mara 7 ili menyu ya wasanidi programu itokee). Andika `adb reboot recovery`. Itakuja roboti iliyolala na maneno No command. Usiogope, watu wengi hukimbilia kuzima hapo. Shikilia kitufe cha kuwashia, gusa cha kuongeza sauti mara moja, achia. Chagua Apply update from ADB, kisha kwenye kompyuta `adb devices`, uone neno sideload, ndipo uandike `adb sideload jina.zip`. Kompyuta ikiishia asilimia 47 na kusema "failed to read command: Success", usichomoe waya kwa hasira, soma kioo cha simu kwanza, mara nyingi kazi imeshaisha salama. Ukipata E3003, zip yako ni ya zamani kuliko mfumo uliomo kwenye simu. Usihangaike kuilazimisha. Simu hizi za familia ya Pixel 6 zilipopata Android 13 mwaka 2022, butiloda yake ilifungiwa njia ya kurudi nyuma, na wanaoflashi za zamani kwa nguvu hubaki na kipande cha kioo na betri.

Kuhusu kunasa. Maelezo mengi unayoyakuta ni ya enzi za simu zilizokuwa zinapakua zip nzima na kuiweka kwenye /cache, unaikopi kwa ruti. Pixel zote tangu ya kwanza ya 2016 zina sloti mbili za mfumo, A na B, moja inatumika na nyingine imelala, na tangu Android 8 data ya apdeti inaweza kuandikwa moja kwa moja kwenye sloti iliyolala kadiri inavyoshuka. Hakuna zip nzima inayobaki kwenye simu. Unachonasa ni linki, na unainasa kwenye logi, yaani kumbukumbu ya yale simu inayofanya.

Nenda kwenye menyu ya wasanidi programu, ongeza Logger buffer sizes hadi kiwango kikubwa kuliko vyote, maana logi huzunguka na kujifuta na linki hutokea mara chache sana. Unganisha simu, andika `adb logcat > apdeti.txt`, ndipo ubonyeze kutafuta apdeti na kuanza kupakua. Ikishaanza, simamisha kwa Ctrl+C, fungua faili na utafute `packages/ota-api`. Linki inaanza na https://android.googleapis.com/packages/ota-api/package/ na kuishia na .zip. Ikopi uipakue kwa kompyuta. Ukichelewa, jaribu `adb bugreport` kabla hujazima simu. Ukishaizima na kuiwasha, sahau.

Lakini linki hiyo kwa kawaida ni ya apdeti ndogo, inayobeba tofauti tu kati ya toleo moja na jingine. Fungua zip, ingia META-INF/com/android, soma faili la metadata kwa Notepad. Mstari wa pre-build unataja simu iwe na nini kabla, post-build itakuwa nini baadaye. Kwenye simu ya mdogo wako andika `adb shell getprop ro.build.fingerprint`, itakupa fingerprint, yaani jina kamili la toleo lililomo. Fingerprint hiyo isipofanana na pre-build herufi kwa herufi, rikavari itaikataa. Zip nzima kutoka ukurasa wa Google haina mstari wa pre-build, ndiyo maana bluejay yoyote yenye toleo la zamani zaidi inaikubali. Na kwa kuwa faili linazidi GB 2 ambazo ndizo mwisho wa WhatsApp, liweke kwenye flashi umpe kondakta wa basi la Morogoro. Kwa nauli ya kifurushi mdogo wako anapata apdeti bila bando, na kondakta hana haja ya kujua amebeba nini.

Wenye Samsung mnaosoma hapa: apdeti zenu zinatoka kwenye seva za Samsung wenyewe. Kufuta data ya Google Services Framework hakubadilishi hata nafasi yenu kwenye foleni, mnaua notifikesheni bure. Yule jamaa wa video ameandika "inafanya kazi simu zote". Nimemwachia komenti, ameifuta. Data anazijulia kweli kuzifuta.

Mkuu, niwekee hapa fingerprint ya simu yako na jina kamili la zip uliyopakua kabla hujaingia rikavari. Video usinitumie.