Ulanga au jasi? Lipime kabla hujaliuza

Mkuu, umeuliza kama hilo jiwe jeupe ulilookota huko Kilwa, linalong'aa na kubanduka tabaka tabaka, ni ulanga (mica) kama anavyodai dalali. Kwa maelezo yako, mimi naona ni jasi (gypsum, madini laini ya kutengenezea plasta). Kilwa ina jasi nyingi. Ulanga utafute kwenye miamba migumu ya bara, upande wa Ruangwa na Nachingwea.

Kucha isikudanganye. Inakwaruza jasi kirahisi, lakini hata ulanga unaweza kuacha alama. Bandua kipande chembamba, kipinde taratibu, kisha kiachie. Ulanga unarudi ulivyokuwa. Jasi inabaki imepinda, na ukizidisha inakatika. Kwangu hicho ndicho kipimo kikubwa.

Bado una shaka? Weka kijipande kwenye kikaango kikavu juu ya mkaa, ukae mbali kidogo maana huweza kuruka. Jasi imebeba maji ndani yake: ikipata moto inatoa mvuke, uangavu unapotea, inakuwa nyeupe pe na ukiisugua inageuka unga. Ulanga kwa moto huo haubadiliki.

Halafu saga kidogo udondoshee siki. Povu likitoka, hapo kuna chokaa, maana jasi na ulanga safi havitoi povu. Asidi ya betri achana nayo kabisa, inaunguza macho na ngozi.

Tafadhali usipokee hela ya dalali kwanza. Peleka sampuli GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) Dodoma wakupimie maabara, na habari za leseni kaulize ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa.