iPhone 14 ya Marekani laini yoyote inakubali?

Mkuu, hiyo haina tundu la laini kabisa. iPhone kuanzia 14 zilizouzwa Marekani ni eSIM tupu (laini iliyo ndani ya simu, haina kadi ya kuchomeka), kwa hiyo usihangaike kukata laini wala kutafuta nano, ile laini ndogo. Nenda duka la mtandao wako (siyo wale wa mwavuli barabarani, wengi hawana huduma hiyo) na namba ya NIDA, weka alama za vidole, wakupe QR ya kuskani. Uwe na Wi-Fi karibu.

Ila kwanza hakikisha haijafungwa kwa mtandao mmoja wa huko. Ingia Settings, General, About, shuka mpaka Carrier Lock. Ikiandika "No SIM restrictions" uko huru, Vodacom, Airtel, Yas, chagua unayotaka. Ikiandika kingine, aliyekununulia huko awasiliane na kampuni ya simu aliyoinunua kwao, waifungue wao. Zile za malipo ya kabla ndizo zinasumbua zaidi, maana huuzwa bei chee kwa sababu zimefungwa. Fundi wa Kariakoo akikwambia ataifungua kwa kuweka kijikadi chini ya laini, muulize ataweka wapi wakati tundu hakuna.

Kwa iPhone masafa hayana shida. Anayeletewa Android ya bei rahisi ya huko ndiye aangalie: Marekani walizoea 850 na 1900 MHz, sisi 2G ni 900 na 1800, 3G ni 2100. Hata 4G masafa hutofautiana, kwa hiyo unaweza kupata simu imefunguliwa na 4G bado inasuasua.