Acheni Kumwambia Mtoto "Inua Kiwiko"

Karibu kila mazoezi ya besiboli ya vijana yana mtu pembeni anayepaza sauti: "Inua kiwiko! Inua kiwiko!" Mtoto anatii. Bega linapanda hadi karibu na sikio, shingo inakakamaa, na mpira unaofuata unampita. Nawafundisha wanafunzi mchezo huu hapa Uyole, Mbeya, na nawaomba walimu wenzangu waachane na agizo hilo, au angalau wajue linamfaa nani.

Kwa anayepiga upande wa kulia, kiwiko cha nyuma ni cha mkono wa kulia, kile kilicho mbali na mrushaji. Wakati mpigaji anasubiri, kukiweka juu au chini ni suala la mazoea yake. Wapo magwiji waliokipandisha, wapo waliokilaza. Kinachoamua pigo ni kile kinachotokea mguu wa mbele unapokanyaga. Hapo nyonga zinaanza kufunguka kumwelekea mrushaji, na kiwiko kinapaswa kushuka, kikiwa kimekunjwa, hadi karibu na mbavu. Kikifika pale, gongo, yaani fimbo ya kupigia, linaingia kwenye njia ya mpira na nguvu ya miguu na kiuno inapita hadi mikononi. Gongo linapokutana na mpira, kiganja cha mkono ulioshika juu kwenye mpini kinatazama angani na cha mkono ulioshika chini kinatazama ardhini. Kiwiko bado kimekunjwa kidogo. Mkono unanyooka baada ya pigo.

Sasa fikiria mtoto aliyelazimishwa kukipandisha kiwiko mpaka juu. Ana safari ndefu ya kukishusha, na muda hana. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwake, na katika ligi kuu za Marekani mpira wa kilomita 145 kwa saa unamfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Vijana wetu hawarushi kwa kasi hiyo, ila nao wanaopiga ni wachanga.

Wanaotetea agizo hili hupenda kumtaja Joe Morgan wa Cincinnati Reds, timu ya Marekani, mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1975 na 1976. Kweli, Morgan alikuwa akipiga-piga kiwiko chake cha nyuma hewani akimsubiri mrushaji. Lakini alifanya hivyo kwa sababu kiwiko chake kilikuwa na tabia ya kubana mno mwilini, na alikuwa anajikumbusha kukiachia. Ilikuwa dawa ya tatizo lake. Kumpa kila mtoto dawa hiyo bila kumwangalia ni kubahatisha.

Kosa ninaloliona zaidi kwa vijana ni jingine: kiwiko kushuka na kukimbilia mbele kuelekea kitovu kabla ya mikono, huku gongo likiburuzwa nyuma. Mpigaji wa namna hii anachelewa mpira wa ndani, unaomjia karibu na mwili, na unampata kwenye shingo ya gongo badala ya sehemu nene. Asubuhi za Juni hapa kwetu, baridi ikiwa kali, utamwona ameachia gongo, ameingiza mikono kwapani. "Mwalimu, vidole vinawaka." Nikimsikia hivyo, naenda kukitazama kiwiko chake. Mrekodi kwa simu ukiwa upande wa kifua chake, kisha ipunguze kasi ya video. Ukiona kiwiko cha nyuma kimeshaitangulia mikono, umepata jibu.

Vijana wetu wengi wameshika jembe tangu wadogo, na miili yao inajua kupiga kutoka juu kwenda chini. Besiboli haitaki hivyo. Mrushaji anasimama kwenye kichuguu cha sentimita 25, kwa hiyo mpira unakuja ukishuka. Ted Williams, mpigaji wa Boston Red Sox ya Marekani ambaye mwaka 1941 alimaliza msimu na wastani wa .406, yaani mapigo yaliyofanikiwa takriban manne katika kila kumi, alisisitiza gongo lipande kidogo ili lifuate njia ya mpira. Kiwiko kikishukia mbavuni, mpando huo unakuja wenyewe.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote linahitaji mpira wa soksi. Mwambie mtoto aubane kwenye kunjo la kiwiko cha nyuma, kati ya sehemu ya juu ya mkono na kigasha, kisha apige mpira uliowekwa juu ya kigingi. Akipiga vizuri, mpira wa soksi unachomoka na kuruka mbele, upande wa mrushaji. Ukianguka karibu na mguu wake wa nyuma, amefungua mkono mapema mno na gongo linazunguka mbali na mwili. Fanyeni taratibu, halafu ongezeni kasi. Baada ya hapo nawarushia magunzi ya mahindi kutoka pembeni. Magunzi hayakosekani Mbeya baada ya mavuno, ni mepesi, hayavunji dirisha la mtu, na wembamba wake unamlazimisha mpigaji kutuliza kichwa.

Kuna jambo la hali ya hewa linalonifurahisha. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo ya Denver, Marekani, ambako mipira husifika kwa kwenda mbali. Hewa nyepesi ya mwinuko huo inapunguza pia mpindo wa mpira unaorushwa ili upinde njiani. Kijana wa Mbeya mwenye kiwiko kilichotulia ataonja raha ya pigo refu mapema, na raha hiyo itamrudisha mazoezini kesho yake.

Kabla ya kurekebisha chochote, lipime gongo lenyewe. Mtoto wa kidato cha kwanza akipewa gongo la mtu mzima, kiwiko kitatangulia tu, kwa sababu viganja na mikono haviwezi kulivuta. Mpe jepesi. Kama halipo, mwache ashike juu zaidi, aache sentimita tano hivi za mpini chini ya mkono wake, na ateremke kidogo kidogo kadiri anavyopata nguvu.