Mshiko wa judo: kukaza na kuachia

Nilipoanza judo hapa Tanga, mikono ilikuwa inaniishia kabla ya pumzi. Dakika mbili za randori tu, yaani pambano la mazoezi, vigasha vimekaza kama jiwe, mwenzangu anavuta mkono wa sare yake na vidole vyangu vinafunguka. Nikaona dawa ni kamba. Nikanunua kamba nene ya mkonge, maana huku haitafutwi mbali, nikaifunga kwenye tawi la mwembe nyumbani Chumbageni. Nikawa naipanda kila jioni, hata Jumapili. Wiki ya tano kidole cha pete kikavimba pingili ya chini, na kwa miezi mitatu sikushika sare ya mtu.

Vidole havina misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo iko kwenye kigasha, inavivuta kwa kano ndefu zinazopita kiganjani. Msuli unapata damu nyingi, kwa hiyo unapata nguvu mapema. Kano hupata damu kidogo, zinahitaji miezi. Unajiona una nguvu wakati kano bado hazijawa tayari, na hapo ndipo nilipoumia. Sasa napanda kamba mara mbili kwa wiki, na siku mbili au tatu za kupumzika katikati.

Mkonge pia unachubua sana. Mara nyingi badala ya kamba natundika sare kuukuu kwenye lile tawi, nashika mikono yake na kuning'inia sekunde 15, mara tano. Kitambaa ndicho tunachoshika kwenye judo, kwa hiyo zoezi hili nalipenda kuliko kamba. Zoezi jingine ni kubeba madumu mawili ya maji ya lita 20, kilo 20 kila moja, toka bombani hadi kwenye pipa. Zungushia mpini kitambaa usikukate. Wanakarate wa Okinawa, kule Japani, hushika midomo ya mitungi yenye mchanga wakatembea nayo. Kopo la rangi lenye mchanga wa ufukweni Raskazone linatosha kabisa.

Usisahau kufungua. Chomeka vidole kwenye ndoo ya mchanga, vikiwa vimekusanywa, kisha vitanue humo humo hadi uchoke. Tangu nianze hili, maumivu ya kiwiko yamepungua.

Lakini somo kubwa nililipata jikoni. Mama mkubwa anakamua tui la nazi kila siku, na sijamsikia akilalamikia vidole. Nikamtazama vizuri: anakaza, anaachia, anakaza, anaachia. Mimi kwenye mkeka nilikuwa nakaza tangu "hajime", yaani "anza" ya mwamuzi, hadi mwisho. Shika kwa vidole vitatu vya mwisho, gumba na shahada vilegee kidogo, kisha kaza pale tu unapovuta au unapotupa. Kwangu hili lilisaidia kuliko kamba na madumu yote.

Kata kucha, vua pete. Kidole kinachouma kifunge kwa plasta pamoja na jirani yake, kisikazwe mpaka kikawa cha bluu. Usiingize vidole ndani ya mdomo wa mkono wa sare ya mwenzako: sheria inakataza, na akizunguka vinanyongwa humo. Sugu zisugue kwa jiwe ukishaoga, mafuta ya nazi upake usiku, si kabla ya mazoezi.

Na hili nakuomba ulishike. Ukishika sare ikachomoka kwa nguvu, halafu ncha ya kidole ikakataa kujikunja yenyewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi sana. Huenda kano imeng'oka kwenye mfupa, na kidole cha pete ndicho hupatwa zaidi. Kano iliyong'oka hurudi nyuma kuelekea kiganjani, na kadiri siku zinavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuirudisha. Mwenzetu mmoja alichuliwa kwa mafuta ya karafuu wiki tatu ndipo akaenda. Ncha ya kidole chake haikunjiki hadi leo.