Jibu: Fotokopi inafutika kwa kidole baada ya kujaza tona

Pole ndugu. Umesema tangu ujaze mashine yako tona (wino wa unga) ya bei nafuu, ambayo muuzaji alikuambia “inaingiliana na zote”, yaani inafaa mashine zote, maandishi yanafutika ukipitisha kidole. Basi unga unafika kwenye karatasi ila hauyeyuki. Tona ni plastiki iliyosagwa, na roli za fyuza (sehemu ya mashine inayopasha joto karatasi) huiyeyusha ishike kwenye karatasi kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi. Tona mpya za plastiki aina ya poliesta huyeyuka kwa joto dogo kuliko za plastiki aina ya staireni; mashine iliyoundwa kwa tona ya poliesta ukiipa ya staireni, hayo ndiyo matokeo. Kwa hiyo “inaingiliana na zote” ya muuzaji mimi siiamini.

Jaribu karatasi kavu ya gramu 80 kutoka rimu mpya, kisha kwenye menyu chagua karatasi nzito: fyuza itaongeza joto au karatasi itapita polepole. Bado? Azima kartriji (kasha la tona) yenye tona ya modeli ya mashine yako. Ikishika, mwaga ile uliyonunua. Ikifutika nayo, fyuza imechoka; hiyo mpe fundi, ina moto na umeme mkubwa.

Unga uliomwagika usiunyonye kwa vakyumu ya nyumbani, chembe hupenya chujio. Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Nguo fua kwa maji baridi.